Kadi, simu na kiti kitupu: tuliyojifunza kuhusu mahudhurio katika darasa la uuguzi

Kabla chuo hakijanunua kifaa chochote, kuna jaribio moja lisilogharimu hata shilingi. Karatasi ya mahudhurio ikishamaliza kuzunguka, simama mbele uhesabu vichwa, halafu hesabu saini. Fanya hivyo vipindi vitano mfululizo bila kutangaza. Saini zikizidi vichwa, tatizo lako ni kusainiana, na vipo vifaa vya kulipunguza. Saini zikilingana na vichwa lakini viti vingi viko wazi, tatizo ni jingine: wanafunzi hawaoni wanachopoteza wakikosa. Vyuo vingi vina yote mawili, ila hununua dawa ya tatizo la kwanza peke yake, na mwisho wa muhula darasa limejaa watu waliopo kwa mwili tu.

Kwa uuguzi jambo hili ni zito. Mwanafunzi wa diploma ya uuguzi na ukunga hapa Tanzania, anayepanda kutoka NTA (mfumo wa taifa wa tuzo za elimu ya ufundi) ngazi ya 4 hadi ya 6 kwa miaka mitatu, anagawanya wiki zake kati ya darasa, maabara ya ujuzi na wodi. Akikosa kipindi cha historia ya fani, atasoma mwenyewe. Akikosa kipindi cha kukokotoa dozi, anaingia wodini na pengo, na mgonjwa ndiye anayelilipia.

Somo kubwa tulilolipata ni kwamba kifaa cha kuhesabia na kifaa cha kufundishia kiwe kimoja. Mwanafunzi ahesabiwe yupo kwa sababu amejibu swali la somo, si kwa sababu amegusa mashine mlangoni. Mengine yote yanayofuata hapa yametoka kwenye hilo.

Vifaa vinavyohesabu tu

Mashine ya alama za vidole ndiyo inayopendwa na ofisi za utawala. Piga hesabu yake kwanza. Sekunde 5 kwa mtu mmoja, wanafunzi 80, hizo ni sekunde 400, yaani karibu dakika 7, na hapo kila kidole kimesoma mara ya kwanza. Kwa wanafunzi wa uuguzi havisomi. Mtu anayenawa mikono mara nyingi kwa siku, anayeshika maji ya klorini na kujipaka spiriti, ngozi ya vidole vyake inakauka na mistari inalika. Wengine wanatoka maabara ya ujuzi vidole bado vimelowa. Foleni inajaa mlangoni, mkufunzi anachelewa kuanza, na waliowahi wanajifunza kwamba kuwahi hakuna faida. Kama chuo tayari kinayo mashine, sajili vidole viwili vya kila mkono badala ya kimoja, weka taulo za karatasi pembeni, na iwekwe mahali wanafunzi wanapoweza kupita dakika 20 kabla ya kipindi.

Kuna na sheria. Alama ya kidole ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Kenya wanayo yao ya mwaka 2019. Chuo kinachokusanya vidole kinapaswa kuwaeleza wanafunzi vinatunzwa wapi, kwa muda gani, na nani anavifungua. Ukiulizwa swali hilo na huna jibu, rudi kwenye karatasi.

Msimbo wa QR uliobandikwa ukutani au kuonyeshwa kwenye projekta haufiki mbali. Mmoja anaupiga picha, anautuma kwenye kundi la WhatsApp, na dakika haijaisha waliolala hosteli wameshahudhuria. Kiongezi cha mahudhurio cha Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo kwenye mtandao, kinaweza kuubadilisha msimbo huo kila baada ya sekunde chache, na picha iliyotumwa inafika ikiwa imeshakufa. Hiyo ni nafuu ya kweli, ingawa simu ya video bado inaweza kuuvusha. Kutegemea mahali simu ilipo ni dhaifu zaidi: ndani ya jengo la zege simu hukosea kwa makumi ya mita, hosteli nyingi ziko ndani ya uzio uleule wa chuo, na programu za kudanganya mahali zinapatikana bure. Muda wenu msiupoteze huko.

Kadi za karatasi na simu moja

Kwa darasa ambalo si kila mtu ana simu janja, na bando ni jambo la kupangia bajeti, kifaa tunachokipendekeza kwanza ni Plickers. Kila mwanafunzi anakuwa na kadi ya karatasi yenye umbo jeusi la peke yake. Kadi ina pande nne, na upande unaouelekeza juu ndio jibu lako: A, B, C au D. Mkufunzi anapitisha kamera ya simu yake juu ya darasa, na majina yanajaa kwenye skrini pamoja na majibu. Intaneti inahitajika kwa mkufunzi peke yake. Herufi kwenye kadi ni ndogo na maumbo hayafanani, kwa hiyo jirani hawezi kuchungulia na kunakili kwa urahisi kama inavyokuwa kwenye kunyoosha mikono.

Seti ya kawaida ina kadi 40, na ipo kubwa zaidi ya kadi 63. Darasa la watu 90 linabidi ligawanywe mara mbili ndani ya programu, na kila kundi lisomwe peke yake. Hiyo inaongeza kama dakika moja kwa kila swali, basi punguza maswali badala ya kukimbizana.

Kinachoharibika zaidi ni uchapaji. Chapa kwenye karatasi ngumu ya manila, kwa wino mweusi uliokolea. Ukipeleka kulamineti, omba plastiki isiyong'aa. Ile inayong'aa inarudisha mwanga wa dirishani na kamera haioni kitu, hasa upande wa darasa linalopata jua la asubuhi. Wafundishe wanafunzi kushika kadi kwa kingo, kwa sababu kidole kimoja kikifunika sehemu nyeusi, umbo halisomeki. Wa nyuma wanyanyue kadi juu ya kichwa, si mbele ya kifua, maana wa mbele anawaziba. Siku ya kwanza tenga dakika 15 za mazoezi kwa maswali ya kawaida tu, kama vile nani amekunywa chai. Ukiruka hatua hii, wiki mbili za mwanzo zitapotea kwa vurugu.

Udanganyifu upo hapa pia: mtu mmoja kunyanyua kadi mbili. Kinga yake ni nyepesi. Kadi zisikae kwa wanafunzi. Zikae kwenye mfuko wa vitambaa wenye vijumba vilivyoandikwa namba, uliotundikwa karibu na mlango. Kila mmoja achukue yake akiingia na airudishe akitoka. Baada ya swali la kwanza linganisha idadi iliyosomwa na vichwa. Zikipishana, rudia swali ukiwa unatembea katikati ya safu. Hakuna haja ya kumkamata mtu mbele ya wenzake. Wakishajua kwamba unahesabu, mchezo huo hupungua wenyewe.

Vile virimoti vidogo vya kujibia vinavyotumika sana katika vyuo vya Marekani vinafanya kazi hiyohiyo kwa haraka zaidi, lakini ni ghali, vinakula betri na kimoja kikipotea hukipati Kariakoo. Chuo chenye kadi za karatasi hakijapungukiwa chochote cha maana.

Swali ndilo linalomleta mtu darasani

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapochoka. Mwanafunzi haamki saa 12 asubuhi kwa ajili ya kadi. Anaamka kwa sababu kuna kitu kitatokea darasani ambacho hakimo kwenye PDF iliyotumwa jana usiku. Mkufunzi anayesoma slaidi zilezile alizokwisha kuzituma amewapa ruhusa ya kubaki kitandani, awe na kifaa cha aina yoyote.

Maswali matatu kwa kipindi cha saa moja yanatosha. La kwanza lije ndani ya dakika 5 za mwanzo, na hilo ndilo la kuwahi. La pili katikati. La tatu dakika 10 za mwisho, kwa ajili ya wale wanaosaini na kutoroka. Majibu yasiyo sahihi yatoke kwenye makosa halisi ya wanafunzi. Chukua swali hili: mgonjwa ameandikiwa mililita 1000 za dripu kwa saa 8, seti ni ya matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Jibu ni 42. Chaguo jingine liwe 125, la yule aliyeishia kwenye mililita kwa saa (na angekuwa sahihi kama seti ingekuwa ya matone 60). Jingine liwe 31, la aliyezoea seti ya matone 15. Jingine liwe 2, la aliyepata mililita kwa dakika akasahau kuzidisha. Ukiona nusu ya darasa imechagua 125, umeshajua cha kufundisha dakika 10 zijazo, na kila aliyejibu amejua kosa lake bila kutajwa jina.

Utaratibu uliosambazwa na mwanafizikia Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard tangu miaka ya 1990 unafaa sana hapa. Wanafunzi wanajibu kimya. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, rudi ufundishe upya, kwa sababu kujadiliana kutasambaza makosa tu. Wakiwa kati ya 30 na 70, usitoe jibu. Waambie kila mmoja amshawishi jirani yake kwa dakika 2, kisha wajibu tena. Wakizidi 70, eleza kwa ufupi na usonge mbele. Huo mjadala wa dakika 2 ndio usioweza kutumwa WhatsApp. Swali linalouchochea vizuri ni la uamuzi: mama mwenye kifafa cha mimba yuko kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, muda wa dozi inayofuata umefika, anapumua mara 12 kwa dakika na goti halirushi mguu ukiligonga. Utachoma? Wapo watakaosema ratiba ni ratiba. Jirani yake atamwambia kwamba pumzi chini ya 16 na goti kunyamaza ni dalili za sumu, dozi inazuiwa na kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga sumu hiyo, inaandaliwa. Mwanafunzi aliyeshindana kwa hoja na mwenzake juu ya hilo halisahau.

Kuhusu alama, zisizidi asilimia 5 ya kazi za darasani. Alama nzima apewe aliyejibu, hata kama amekosea, na nusu iongezwe kwa aliyepata. Ukitoa alama kwa jibu sahihi pekee, utaona shingo zikigeuka na minong'ono ikianza, na takwimu zako hazitakuambia tena nani haelewi. Futa vipindi viwili au vitatu vibaya zaidi vya kila mwanafunzi bila kuuliza sababu. Hilo linakuokoa na foleni ya ofisini ya simu zilizoisha chaji na bodaboda zilizoharibika.

Mtandao wa darasani usio na intaneti

Darasa ambalo karibu wote wana simu janja linaweza kutumia Moodle iliyowekwa kwenye kompyuta ya hapohapo darasani, simu zikiunganishwa kwa Wi-Fi ya ruta isiyo na intaneti yoyote. Hakuna bando linaloliwa, na aliyeko hosteli hafiki kwenye mtandao huo, basi kusainiana kwa mbali kunakufa.

Wengi hushauriwa kutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani. Ni kifaa kizuri, ila kina mtego unaogusa mahudhurio moja kwa moja. Raspberry Pi 4 haina saa inayojiendesha ikizimwa. Umeme ukikatika na hakuna intaneti ya kuirekebisha, inawaka na tarehe ya zamani, kipindi kinaonekana bado hakijafunguliwa, na wanafunzi 60 wanakuambia mfumo unawakataa. Moduli ndogo ya saa aina ya DS3231 inaondoa tatizo hilo. La pili ni umeme: inataka volti 5 na ampea 3, na chaja ya kawaida ya simu huifanya izime kazi ikikolea. La tatu, kuizima kwa kuchomoa waya kunaweza kuharibu kadi ya kumbukumbu, na data yote ikaenda nayo. Kwa sababu hizo sisi tunaegemea laptopu ya zamani yenye betri inayoshika hata saa moja. Saa yake haisimami na umeme ukikatika inaendelea.

Ruta ya nyumbani huelemewa simu 60 zikiingia kwa mpigo. Weka mbili, moja kwenye chaneli ya 1 na nyingine ya 11, na uwaingize wanafunzi safu kwa safu. Kisha utakutana na lalamiko hili: "Madam, imeunganisha lakini haifunguki." Simu za Android zikigundua Wi-Fi haina intaneti hurudi kimyakimya kwenye data ya laini. Dawa ni kuzima data kwanza, na simu ikiuliza kama ibaki kwenye mtandao huo, ijibiwe ndiyo. Andika maelekezo hayo kwenye bango na ulibandike ukutani, maana utayarudia kila Jumatatu.

Asiye na simu ajibu kwenye karatasi yenye namba yake ya usajili, na iingizwe siku hiyohiyo. Asionekane mbele za watu kama mwenye upungufu.

Akiba, si asilimia

Takwimu za mahudhurio zikikaa kwenye kompyuta hadi wiki ya mtihani hazimsaidii mtu. Tumia namba ya usajili kama ufunguo, si jina, kwa sababu Mwanaidi mmoja ataandikwa kwa namna tatu ndani ya mwezi. Gawanya kwa vipindi vilivyofanyika, si vilivyopangwa. Kipindi ambacho mkufunzi hakutokea kisimhesabie mwanafunzi. Hapo orodha itaonyesha pia mahudhurio ya wakufunzi, na ni vyema ofisi ya taaluma iwe tayari kuyatazama.

Asilimia inadanganya mwanzoni mwa muhula: aliyekosa kipindi kimoja kati ya viwili ana 50, na haina maana yoyote. Tumia akiba. Somo lenye vipindi 4 kwa wiki kwa wiki 15 lina vipindi 60. Kiwango kikiwa asilimia 75, lazima ahudhurie 45, yaani akiba yake ya kukosa ni 15. Kila Ijumaa akiba ya kila mmoja ipunguzwe na aambiwe. "Umebakiwa na vipindi 4" inaeleweka haraka kuliko asilimia 81.

Aliyekosa vipindi viwili mfululizo atumiwe SMS siku hiyohiyo, ya kuuliza kabla ya kuonya: "Habari. Hatujakuona kwenye vipindi 2 vya Ukunga wiki hii. Kuna shida yoyote? Jibu hapa au pita ofisini kabla ya Ijumaa saa 8. Akiba yako: vipindi 7." Ujumbe huo haufiki herufi 160, kwa hiyo unalipiwa kama mmoja. Ukiongeza emoji, kikomo kinashuka hadi herufi 70 na gharama inapanda. Kwa Kiswahili kuna mtego wa ziada: alama ya ng' ikiandikwa na kompyuta kwa mkato uliopinda badala ya ulionyooka, ujumbe mzima unahesabiwa vilevile kama wenye emoji. Kagua kabla ya kutuma kwa watu 200.

Wodini

Kadi na projekta haziendi wodini, na mara nyingi simu za wanafunzi haziruhusiwi. Msimbo ubaoni mwa wodi ni picha nyingine tu ya WhatsApp. Kinachofaa ni fomu fupi ya KoboCollect, programu ya kukusanyia taarifa, kwenye simu ya muuguzi msimamizi wa wanafunzi: namba ya usajili, zamu, ujuzi alioufanya, na kama aliufanya mwenyewe au alitazama. Inajazwa bila mtandao na kutumwa baadaye. Iwe na maswali yasiyozidi matano. Ikizidi hapo, msimamizi mwenye wagonjwa 40 ataijaza mwisho wa wiki kwa kukumbuka. Hilo utaligundua kwa kulinganisha saa fomu ilipoanza kujazwa na zamu inayodaiwa: fomu 12 zilizoanza ndani ya dakika 10, Ijumaa jioni, si mahudhurio ya wiki nzima. Zungumza naye kwa heshima, na umpunguzie maswali kabla ya kumlaumu. Kitabu cha kumbukumbu chenye saini kibaki palepale. Fomu ni ya kukusaidia kuona mapema.

Baada ya wiki sita hivi, panga orodha kwa siku na saa badala ya majina. Hapo utaona mambo ambayo hakuna kadi wala mtandao unaoyatibu. Kipindi cha saa 2 asubuhi kinachofuata zamu ya usiku kitakuwa na mapengo ya watu walewale waliokesha wodini. Wiki ya kulipa ada itakuwa na wengine, waliojificha ili wasiitwe na mhasibu. Wanaopanga mbali watakosa siku za mvua kubwa. Peleka jedwali hilo kwa mratibu wa taaluma pamoja na ratiba ya zamu, mkae mezani na penseli, na mhamishe kwanza kile kipindi cha saa 2 asubuhi.